Karatasi ya karanga: namna ya kusitiri taarifa zako dukani, kwa wakala na kwenye simu

Nina duka la steshenari Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili, hapa Tanga. Natoa kopi, naprinti, napiga picha za pasipoti, nawajazia watu fomu za mtandaoni za ajira, mikopo ya chuo, vyeti vya kuzaliwa na namba ya mlipakodi. Mwaka wa kumi na moja huu. Jioni moja nilinunua karanga za mia tano kwa kijana anayepita na sinia mtaani kwetu. Alizifunga kwenye pembe ya karatasi kama siku zote. Nilipozimaliza nikaikunjua karatasi kuikung'uta chumvi, nikakutana na uso wa mama ninayemfahamu. Ilikuwa kopi ya kitambulisho chake cha Taifa: jina kamili, namba, tarehe ya kuzaliwa, sahihi. Upande wa kushoto kulikuwa na mstari mweusi mwembamba kutoka juu hadi chini, mstari uleule ambao mashine yangu ilikuwa ikiutoa mwezi ule kabla fundi hajabadilisha dramu.

Karatasi ilitoka kwangu. Kopi zilizoharibika nilikuwa nazitupia kwenye boksi chini ya meza, na boksi likijaa nampa yule kijana afungie karanga zake. Nilikuwa naona namsaidia, na kweli nilikuwa namsaidia.

Nilimpelekea mama karatasi yake nyumbani kwake Makorora. Nikapiga hodi, akanikaribisha uani, nikamweleza. Aliitazama, akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga, kisha akaniuliza: "Na zingine ziko wapi, mwanangu?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Ninayoyaandika hapa ni yale niliyoyabadilisha dukani na kwenye simu yangu baada ya siku hiyo, na yale ninayowaeleza wateja kila nikipata nafasi. Karibu yote hayahitaji hela. Yanahitaji kuuliza, na sisi wengi tunaona aibu kuuliza mbele ya kaunta.

Kwa nini tusumbuke

Vijana huniambia, "Dada, mimi sina cha kuficha." Huwa nawauliza kama nyumbani kwao kuna pazia mlangoni. Lipo, kila nyumba linalo, na hakuna anayedhani nyuma ya pazia kunafanyika uhalifu. Nyuma yake kuna mtu anakula, anavaa, anaumwa, anagombana na mwenzake kisha wanapatana. Wazee wetu neno lao ni sitara. Nyumba za hapa mjini tangu zamani zina baraza nje, pale pa kahawa na kashata ambapo kila mtu anakaa. Kisha mlango, kisha ukumbi, kisha uani. Mwenye nyumba ndiye anayesema nani anaishia barazani na nani anafika uani. Mgeni anapiga hodi mara tatu, asipojibiwa anarudi alikotoka, wala hachungulii dirishani. Tumefunzwa hivyo tukiwa wadogo kabisa, na hata Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 16, inasema kila mtu anastahili hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, familia na unyumba wake, maskani yake na mawasiliano yake.

Siku hizi anayeingia uani kwako hapiti mlangoni. Na mara nyingi aliyemfungulia si wewe. Ni mwenye steshenari kama mimi, ni wakala, ni binamu yako aliyesevu namba yako kwenye simu yake, ni shangazi aliyekupiga picha kwenye shughuli. Ndiyo maana kujilinda peke yako hakutoshi. Inabidi uulize wale walioshika vitu vyako, na wewe ukumbuke umeshika vya nani.

Karatasi kwanza

Nianze na karatasi maana ndizo ninazozishika kutwa. Kabla hujatoa kopi ya kitambulisho, uliza inayotakiwa ni kopi au ni kukiona tu. Sehemu nyingi wanadai kopi kwa mazoea, na ukisema kwa upole, "Naomba nikuonyeshe tu, ukishajiridhisha unirudishie," wanakubali. Wasipokubali, toa kopi moja, si tatu za akiba. Zile mbili zitakaa kwenye droo ya mtu ambaye mwakani atakuwa amehama kazi.

Kopi ikishatoka, chukua kalamu uandike juu yake imetolewa kwa kazi gani, kwa nani na lini. Mimi huwaandikia wateja hivi: "Kwa maombi ya kupanga chumba tu, 14/6, si kwa matumizi mengine." Andika katikati, maneno yapite juu ya picha na karibu na namba bila kuzifuta. Ukiandika pembeni, mtu anachukua mkasi anakata pembeni, anabaki na kopi safi. Hakuna ofisi iliyowahi kumrudisha mteja wangu kwa sababu ya maandishi hayo, na karatasi ile ikipotea haimfai sana atakayeiokota.

Watu hawajui kitambulisho cha Taifa kinasema mengi kiasi gani. Namba yake ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Sasa fikiria ni wangapi wameweka mwaka wa kuzaliwa kuwa namba ya siri ya pesa kwenye simu. Nimewaona hapa kaunta, mtu anabonyeza 1987 bila hata kugeuza mkono. Aliyeokota kopi ya kitambulisho chake ameokota na ufunguo wa mfuko wake. Kama yako ni mwaka wako, wa mwanao au wa ndoa, ibadilishe leo kabla hujalala.

Ukiwa dukani, hesabu. Kopi mbili ulizolipia, na ile iliyotoka na doa au iliyokatika kichwa nayo ni yako, idai. Halafu mwambie mhudumu afunue mfuniko wa mashine. Kitu kinachosahaulika kuliko vyote ni kitambulisho chenyewe, kimelala kifudifudi kwenye kioo, mwenyewe yuko kwenye daladala ya Pongwe na bahasha yenye kopi zake kwapani.

Ukituma faili kwenye simu ya duka ili uprintiwe, faili linabaki kwenye simu ya duka. Kabla sijaanza utaratibu wa kufuta, simu yangu ilikuwa na vyeti vya ndoa, barua za kuachishwa kazi, matokeo ya mitihani, wasifu wa kazi wenye namba za wadhamini, na picha za vipimo vya hospitali za watu nisiowajua. Kama una flashi, njoo na flashi. Kama unatuma, simama hapohapo hadi iprintiwe, kisha wewe mwenyewe ufute kwa pande zote mbili, halafu mwambie mhudumu afungue sehemu ya faili zilizopakuliwa uone imefutwa na huko, maana kufuta kwenye mazungumzo peke yake si lazima kuondoe nakala iliyokwisha kupakuliwa. Kwenye kompyuta ya duka, baada ya kufuta faili, mwambie amwage na kapu la taka. Ukiingia kwenye barua pepe yako hapo, mwambie akufungulie dirisha la faragha, lile lisilotunza kumbukumbu, na utoke kabla ya kuinuka kitini. Mashine kubwa za kopi za kisasa nyingi nazo zina diski ndani inayoweza kutunza picha ya ulichoweka juu ya kioo. Sisi wenye maduka tunaponunua au kuuza mashine ya mtumba tukumbuke kuifuta.

Karatasi za kliniki ndizo zinazoniuma zaidi. Mtu akija kutoa kopi ya kadi yake ya dawa huku foleni imemzunguka, mimi sasa naigeuza kifudifudi nikipokea, na nikimrudishia naiweka ndani ya karatasi nyeupe iliyokunjwa. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya hali ya mtu, lakini sheria haisimami kwenye foleni yangu. Ukiwa na karatasi ya namna hiyo, njoo asubuhi mapema au mchana watu wakiwa wameenda kula, na uniambie kwa sauti ya chini tu kwamba hii ni ya kufunika. Nitaelewa, na mhudumu yeyote mwenye utu ataelewa.

Kwa wakala

Binti mmoja wa chuo alikuja dukani kwangu akitetemeka kidogo, akanionyesha simu. Saa nne usiku, namba asiyoijua ilikuwa imemwandikia: "Mambo, wewe si ndiye ulitoa elfu thelathini leo na gauni la kijani?" Alikuwa ametoa hela kwa wakala mchana. Akaandika jina, namba na kiasi kwenye daftari, akasaini. Mteja aliyefuata alisoma mstari wa juu yake. Ilikuwa hivyo tu, hakuna aliyevunja mtandao wa mtu. Binti alibadilisha laini na akawa anazunguka hadi Mabanda ya Papa kutoa hela, kwa sababu ya mstari mmoja wa daftari.

Mwambie wakala wako akate kipande cha boksi, afunike mistari ya juu kila mteja anapoandika. Nimewakatia mawakala watatu wa mtaani kwetu, wawili bado wanavitumia. Vitabu vya wageni kwenye mageti ya ofisi ni vilevile: kila anayeingia anasoma namba za waliotangulia. Pale naandika jina na ninakokwenda, na wakidai namba naomba mlinzi aiandike mwenyewe ukurasa wa nyuma.

Namba ya siri haitamkwi. Naona wazee wetu wanampa wakala simu yote wanasema kwa sauti, "Weka moja, tano, tano, sita." Mfunze bibi yako kubonyeza mwenyewe, hata ikichukua wiki mbili. Mama yangu mzazi nilimfundisha kwa simu ya kitochi, kila baada ya Alasiri, akiwa anajitumia vocha ya mia tano, mpaka vidole vikazoea.

Jambo la tatu hapo kwa wakala ni kidole. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza mwaka 2019, na wapo mawakala wasio waaminifu ambao hukwambia, "Hakijasoma, weka tena," kumbe mara ya pili anasajili laini nyingine kwa jina lako, na laini hiyo itaenda kumtapeli mtu huko Mwanza au Songea. Kidole kikigoma kweli, mwombe akuonyeshe kioo. Halafu piga *106# ufuate maelekezo, utaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwenye duka la mtandao husika na kitambulisho chako halisi wakaifute. Mimi hupiga kila mwanzo wa mwezi, siku ile ninayolipa kodi ya fremu, ili nisisahau.

Simu yenyewe

Mwalimu mmoja aliwahi kufungua WhatsApp yake kwenye kompyuta yangu ili aprinti mtihani. Akaprinti, akalipa, akaenda. Kesho yake nawasha kompyuta naona ujumbe unaingia, wa mkewe. Nilisoma mstari mmoja kabla sijatambua ninasoma nini. Nikafunga, nikampigia. Yeye hakujua kabisa kwamba mazungumzo yake yote yalilala dukani kwangu usiku kucha, wazi.

Fungua WhatsApp yako sasa, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa. Utaona orodha. Kama kuna kompyuta usiyoitambua, ibonyeze na uitoe. Hapo ndipo penye kosa pia kwa wanandoa na wachumba wanaochunguzana: mtu anachukua simu yako dakika moja ukiwa bafuni, anaunganisha na ya kwake, na tangu hapo anasoma kila kitu. Ujumbe wa WhatsApp umefungwa kwa usimbaji tangu mwaka 2016, asiyehusika hausomi ukiwa njiani, lakini kifaa kilichounganishwa ni sawa na mtu aliyeketi ndani.

Ukiwa humohumo, weka uthibitishaji wa hatua mbili kwenye sehemu ya akaunti. Ni namba sita unazozichagua mwenyewe. Tapeli akikupigia, "Samahani kaka, nimekosea nimekutumia namba ya tarakimu sita, nisomee," anataka ile namba ya kuhamishia WhatsApp yako kwenye simu yake. Ukiwa na hatua ya pili, hata ukiteleza ukamsomea, anakwama. Lakini usimsomee. Hakuna aliyekosea namba.

Funga na laini. Kwenye mipangilio ya usalama kuna sehemu ya kuweka namba ya kufunga laini. Mwizi akichomoa laini yako akaitia kwenye simu yake, kila namba ya uthibitisho inayotumwa kwako inaenda kwake. Laini ikiwa imefungwa inamwomba namba hiyo kwanza. Tunza kadi uliyopewa na laini, yenye namba ya kufungulia, kwa sababu ukikosea mara tatu utaihitaji. Na laini unayotaka kuiacha, kwanza ondoa namba yake benki, kwenye barua pepe na WhatsApp, maana isipotumika muda mrefu hupewa mtu mwingine, naye huanza kupokea ya kwako.

Ruhusa, na mikopo ya kwenye simu

Hapa naomba unisikilize vizuri. Mtoto wa kaka yangu, kijana mpole, bodaboda pale stendi ya Kange, alikopa elfu hamsini kwenye programu ya mikopo ya simu. Pikipiki ikaharibika, akachelewa siku nne. Siku ya tano mimi shangazi yake nikapokea meseji yenye jina lake kwamba ni mwizi na tapeli, nimwambie alipe. Ameipokea na ustadhi wake wa madrasa. Ameipokea mwenye pikipiki. Ameipokea mama wa binti aliyekuwa anakwenda kumposa. Zaidi ya watu sitini. Posa ilivunjika, sisemi kwa sababu ya hilo peke yake, lakini ilivunjika wiki ile.

Walipata wapi namba zetu? Alipopakua programu, simu ilimuuliza kama inaruhusiwa kusoma majina yaliyohifadhiwa, na yeye, akiwa na haraka ya hela, akabonyeza ruhusu. Sisi sitini hakuna aliyetuuliza. Mambo haya si ya Tanga tu. Mwaka 2018 dunia ilijua kwamba programu moja ya chemsha bongo kwenye Facebook, iliyopakuliwa na watu kama laki mbili na elfu sabini, ilichota taarifa za watu hadi milioni 87 kwa sababu ilipita kwa marafiki wa waliopakua, na taarifa zikafika kwa kampuni ya siasa iliyoitwa Cambridge Analytica. Marafiki hao hawakubonyeza kitu.

Kwa hiyo unapopakua programu yoyote, isome inaomba nini. Programu ya tochi inataka majina ya nini? Ya mkopo inataka picha zako za nini? Nenda kwenye mipangilio, programu, kisha ruhusa, uanze na majina, halafu mahali ulipo, kipaza sauti na kamera. Simu itakuonyesha nani ana ruhusa ya nini. Ondoa zote zisizo na sababu. Programu ikikataa kufanya kazi bila majina ya watu wako, iache, hata kama una shida. Nasema hivyo nikijua shida ni nini. Mimi mwenyewe nimewahi kukopa kwa riba mbaya ili kodi ya fremu isinipite.

Kwa mikopo hasa: Benki Kuu ya Tanzania mwezi Novemba 2024 ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Kabla hujakopa, hakikisha jina la kampuni lipo kwenye orodha ya wenye leseni ya Benki Kuu. Na kufuta programu kwenye simu hakurudishi namba ilizokwisha kuchukua. Kama umeshaingia na unaona tarehe inakaribia, waambie watu wako mapema kwa mdomo wako mwenyewe: huenda mkapata ujumbe mbaya juu yangu, nina deni kiasi fulani, naendelea kulipa. Mpwa wangu anajuta kwamba hakufanya hivyo. Wangeisikia kwake kwanza.

Picha

Kina mama wenzangu, picha ya mtoto siku ya kwanza ya shule ni nzuri, lakini angalia iliyomo. Beji ya shule ipo, jina limeshonwa kwenye sweta, geti liko nyuma. Siku tatu baadaye mzazi anapigiwa: "Mwanao kaanguka darasani, tuko hospitali, tuma hela ya vipimo haraka," na wanataja jina la mtoto na la shule. Unatuma kabla hujafikiri, nani asingetuma? Piga picha mtoto akiwa amekaa sebuleni, au ngoja jioni akivua sweta. Na mkubaliane na shule namba moja ya kupigiana, isiyobadilika.

Picha za maiti, za mgonjwa kitandani, za watu wakilia msibani, zisipigwe. Sina maelezo marefu hapo. Aliyelala hawezi kukuruhusu.

Ukituma picha kama faili, au ukimpa mtu flashi, picha inaweza kubeba na alama ya mahali ilipopigwa. Zima kuhifadhi mahali kwenye mipangilio ya kamera. Anayekutafuta kwa ubaya hahitaji zaidi ya hapo kujua unaishi Chumbageni au Sahare.

Fundi na kuuza simu

Kabla hujampa fundi simu, toa laini na kadi ya kumbukumbu. Kama ni kioo tu kinabadilishwa, kaa usubiri, hachukui saa mbili. Simu za Samsung za karibuni zina hali ya matengenezo: ukiiwasha fundi anaona simu tupu, akimaliza unaifungua vitu vyako vipo. Ukiuza, ondoa kwanza akaunti ya Google, kisha rudisha simu kama ilivyotoka kiwandani. Kadi ya kumbukumbu usiiuze kabisa, kwa sababu picha zilizofutwa kwa kawaida zinaweza kurudishwa kwa programu ambazo hata mimi ninayo dukani. Nimezitumia kuwarudishia watu picha za harusi zao. Mwenye nia mbaya anayo ileile.

Ikishatokea

Usifute ushahidi kwa hasira wala kwa aibu. Piga skrinishoti zenye namba na saa, zihifadhi pia kwa mtu unayemwamini. Ujumbe wa kitapeli, wa aina ya "ile hela tuma kwenye namba hii", uripoti na namba yake kwenda 15040. Kama unahisi simu zako zinaelekezwa kwingine, piga *#21# uone, na ##002# inafuta uelekezaji wote. WhatsApp ikiibwa, isajili upya kwenye simu yako mara moja, namba ya uthibitisho ikija kwako uiingize, utamtoa aliyeingia. Wakati huo mwambie ndugu mmoja aandike kwenye makundi yenu kwamba asitumiwe mtu hela. Picha zako za siri zikisambazwa au mtu akitishia kuzisambaza, usimlipe, atarudi. Nenda polisi ukafungue jalada, upewe namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, na mtaje Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Binti asiende peke yake. Aende na shangazi au mama, mtu asiyemlaumu njiani.

Na kama aliyetoa taarifa zako ni kampuni, ofisi au duka, tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Aprili 2024. Una haki ya kuuliza taarifa zako zinatumika kwa kazi gani, kudai zirekebishwe zikiwa na kosa, kukataa kutangaziwa biashara kwa namba yako, na kupeleka malalamiko kwenye Tume hiyo. Anza kwa kuandika barua kwa aliyekosea, bakiza kopi yenye mhuri wa kupokelewa. Mimi nitakuandikia hiyo barua, na kopi yako mbovu nitakupa uondoke nayo.

Boksi chini ya meza nimeliondoa. Badala yake pana ndoo yenye kifuniko. Nikifunga duka saa mbili usiku natia maji, karatasi zinalala, asubuhi nazisokota kwa mkono mpaka ziwe uji, ndipo zinaenda kwenye taka. Yule kijana wa karanga namnunulia magazeti ya zamani. Ukija dukani ukanitumia faili, niulize kwa sauti kama nimelifuta, hata kama kuna foleni. Nitakugeuzia kioo cha kompyuta uone mwenyewe.